Gari kuukuu halifiki Bihambwe, lakini bei yake inaweza kufika

Mpango huu huanza kwa nia njema karibu kila mara. Familia ya Masisi inayoishi Marekani inanunua gari jingine, na ile Camry au Corolla ya zamani, iliyowapeleka wazazi kazini usiku na watoto shuleni miaka mingi, inabaki imeegeshwa mbele ya nyumba. Kuiuza kwa bei ya chini kunauma. Ndipo mtu anakumbuka kituo cha afya cha nyumbani, anakumbuka wagonjwa wanaobebwa kwenye kipoyi, na simu inapigwa Kivu: "Mjomba, tunataka kutuma hii mutuka kwa kituo cha afya. Iwe ambulansi."

Jibu la mjomba, kama anaishi kando ya barabara ya Sake kwenda Masisi, huwa na adabu nyingi na wasiwasi mwingi zaidi: "Asante sana mutoto yangu, Mungu akubariki. Sasa itafika huku namna gani? Na esanse, ni nani atakuwa anatia?"

Maswali hayo mawili yana uzito kuliko gari lenyewe. Watu wengi wa diaspora hawayapendi, kwa sababu yanasikika kama kukataa zawadi. Lakini anayeijua Bihambwe anajua kwamba mjomba hakatai kitu. Anasema ukweli kwa sauti ya chini.

Bihambwe ni senta ndogo ya milimani katika wilaya ya Masisi. Malori yanayopanda kutoka Sake kuelekea Rubaya na Masisi-centre yanapita hapo. Kutoka Goma mpaka Sake kuna lami, na gari dogo la familia linaweza kwenda na kurudi bila shida kubwa. Baada ya Sake lami inaisha na milima inaanza. Udongo wa Masisi ni mzuri kwa viazi, maharagwe na majani ya ng'ombe, ule ule unaotoa jibini inayouzwa Goma yote. Lakini mvua ikinyesha siku tatu, udongo huo unakuwa sabuni. FUSO zinakwama, jeep zinafungwa minyororo kwenye magurudumu, na vijana wanaishi kwa kusukuma magari ya wengine. Sedani ambayo tumbo lake liko karibu na ardhi kuliko urefu wa shubiri moja itapasua tangi la mafuta ya mashine kabla haijamfikia mgonjwa wa kwanza. Kinachofika ni pikipiki, chukudu, lori, Land Cruiser na miguu ya watu.

Hili si jambo dogo la kiufundi. Mama mwenye uchungu wa kuzaa tangu usiku hawezi kusubiri barabara ikauke. Hospitali kuu ya Masisi, inayosaidiwa na Madaktari Wasio na Mipaka tangu mwaka 2007, iko mbali kwa mtu anayetoka damu. Pikipiki zimetumika miaka mingi kusafirisha wagonjwa katika milima hiyo, na sababu yake inaonekana kwa macho: pikipiki inapita pale ambapo gari linakwama. Kwa hiyo mtu anayesema anatuma gari ili liwe ambulansi ya Bihambwe anapaswa kwanza kuulizwa kama ameiona barabara hiyo mwezi wa Novemba.

Tuseme hata hivyo kwamba familia inashikilia, gari lazima lije. Litapakiwa melini mpaka Mombasa au Dar es Salaam, na usafiri wa bahari peke yake unaweza kula zaidi ya dola elfu moja. Kutoka Mombasa, kupitia Kampala mpaka Bunagana, ni karibu kilomita 1,600. Bunagana yenyewe iko mikononi mwa M23 tangu tarehe 13 Juni 2022. Mpaka mwingine, Kasindi, uko upande wa serikali, lakini kutoka Beni na Butembo kushuka Goma kuna mstari wa vita katikati. Goma nayo ilianguka mwishoni mwa Januari 2025. Kwa hiyo gari litalipa duane mahali ambapo nani ana haki ya kutoza kodi ni jambo linalopiganiwa kwa bunduki, na karatasi inayotolewa na upande mmoja inaweza kukataliwa na mwingine kesho.

Baada ya duane kuna vizuizi. Mwaka 2017 watafiti wa shirika la IPIS la Ubelgiji walihesabu karibu vizuizi 800 vya barabarani katika Kivu mbili, vya jeshi, vya makundi yenye silaha, vya watumishi wa serikali. Tangu hapo mikono iliyoshika kamba imebadilika mara nyingi, lakini kamba haikuondoka. Gari lenye maandishi ya msaada halipiti bure kwa sababu tu lina maandishi. Wakati mwingine linaombwa zaidi, maana mwenye kizuizi anajua kwamba nyuma yake kuna mzungu au mtu wa Amerika.

Na likifika, likapona, nani ataliendesha? Bihambwe haina kituo cha mafuta kama vya Goma. Esanse inauzwa kwenye chupa na bidoni na makadafi, kwa bei inayopanda kila barabara inapofungwa. Kipuri cha Camry iliyotengenezwa kwa ajili ya Marekani hakifanani sikuzote na kile cha gari la Japani kilichojaa katika maduka ya Goma. Kwado anaweza kuziba tairi, hawezi kutengeneza sanduku la gia la otomatiki. Dereva anataka mshahara. Kituo cha afya kinachoshindwa kulipa muuguzi wake kitalipa dereva kwa mfuko gani? Mwisho wa magari ya namna hii unajulikana. Miezi ya kwanza linabeba wagonjwa wawili au watatu. Kisha linabeba mwenyekiti wa kamati kwenye harusi. Kisha linakaa juu ya mawe nyuma ya kanisa, bila magurudumu, kuku wanatagia ndani.

Kuna jambo jingine ambalo halisemwi sana kwa sababu linaumiza fahari. Ripoti ya shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa ya mwaka 2020 ilionyesha kwamba kati ya 2015 na 2018 magari madogo yaliyotumika milioni 14 yaliuzwa nje na Ulaya, Japani na Marekani, na sehemu kubwa ilikuja Afrika. Majirani wameanza kujilinda. Kenya haipokei gari la zaidi ya miaka 8 kwa ajili ya barabara zake. Uganda iliweka mpaka wa miaka 15 mwaka 2018. Gari lililokataliwa huko likipita chini ya muhuri kuja kwetu, na likapewa jina la sadaka, je, ni nani amesaidiwa kweli? Zawadi ambayo mtoaji asingependa mama yake apandie si zawadi ya kumpa mama wa mwingine.

Wanaotetea kutuma gari wana hoja moja nzito, na haifai kuipita haraka. Wanasema: pesa huliwa, gari haliliwi. Gari linaonekana, linapigwa picha, kila mtu kijijini anajua liko wapi. Dola zikitumwa kwa ndugu mmoja, mwezi ujao kuna bati jipya kwenye nyumba yake na kituo cha afya hakina hata glavu. Hoja hii imezaliwa na maumivu ya kweli. Familia nyingi za Masisi zilizoko Marekani zilipitia kambi za Kiziba na Gihembe nchini Rwanda, au Nakivale nchini Uganda, baadhi kwa zaidi ya miaka 20. Mwaka wa bajeti wa 2023 peke yake Marekani ilipokea zaidi ya wakimbizi 18,000 kutoka Kongo. Watu hao wanafanya kazi za usiku katika viwanda vya nyama na maghala, na kila dola wanayotuma wameitolea jasho. Wana haki ya kuogopa kuibiwa.

Lakini gari nalo huliwa. Huliwa polepole, na picha ya siku ya kupokewa inaficha kuliwa kwake. Tofauti kati ya msaada unaoliwa na msaada usioliwa haiko kwenye chuma wala kwenye noti. Iko kwenye watu wanaoushika, na kama wanaogopana.

Ng'ambo ya mpaka, katika vilima vya Kigezi kusini-magharibi mwa Uganda, kuna mfano ambao watu wa Masisi wanaweza kuuelewa bila mkalimani. Huko wanakijiji walijiunga katika vyama vinavyoitwa engozi, jina la machela ya kubebea mgonjwa. Kila familia ilikuwa mwanachama, kila mwanachama alichanga, na mtu akiugua vijana wa chama walimweka begani mpaka hospitali. Aliyekwepa kubeba alitozwa faini, na siku yake ya kuugua alikumbushwa. Mwaka 1996 Hospitali ya Kisiizi ilipoanzisha bima ya afya ya jamii, haikuanza na gari wala na jengo. Ilianza na vyama hivyo, kwa sababu tayari vilikuwa na daftari, viongozi, mchango na aibu ya pamoja. Rwanda nayo ilikuwa na vyama vya ingobyi vya namna hiyo hiyo.

Masisi ina kipoyi. Vijana wanne wanapokezana, wengine wanane wanafuata nyuma, mmoja anatangulia na tochi. Hakuna shirika lililowafundisha. Kinachokosekana ni pesa kidogo ya kuanzia, ili kipoyi kikutane njiani na pikipiki yenye kitanda, na pikipiki ikute esanse, na mgonjwa akifika hospitali awe na kitu cha kulipa dawa ambayo haipo bure.

Hapo ndipo gari kuukuu la Ohio au la Kentucky linapata kazi yake. Liuzwe huko huko.

Hata hesabu ya Marekani yenyewe inasema hivyo, ingawa matangazo ya redio na ya mabango yanawaita watu kutoa magari yao kwa mashirika ya huruma na kupata punguzo la kodi. Familia nyingi hazielezwi sehemu ya pili. Tangu mwaka 2005, kwa gari lenye thamani ya zaidi ya dola 500, punguzo kwa kawaida haliwezi kupita kiasi ambacho shirika lenyewe lilipata kwa kuliuza, na shirika linamwandikia mtoaji karatasi inayoitwa 1098-C kuonyesha kiasi hicho. Mara nyingi gari linakwenda mnadani, linauzwa kwa bei ya chini, na kampuni iliyolikokota na kulinadi inakata sehemu yake. Tena, punguzo hilo ni kwa wale tu wanaoorodhesha matumizi yao moja moja kwenye hesabu za kodi. Wengine wanachukua kiwango cha kawaida, ambacho kwa mume na mke kilikuwa dola 29,200 kwa mwaka wa kodi 2024. Familia ya wafanyakazi wa ghala haikaribii kupita kiwango hicho kwa matoleo yake. Kwa maneno mengine, gari linakwenda, shukrani inakuja kwa posta, na kodi inabaki ile ile.

Sheria mpya iliyopitishwa Marekani mwaka 2025 imefungua mlango mdogo kuanzia mwaka wa kodi 2026: hata asiyeorodhesha anaweza kukata hadi dola 1,000, au 2,000 kwa mume na mke, kwa sadaka aliyotoa kwa shirika linalotambuliwa. Lakini iwe sadaka ya pesa taslimu. Gari halihesabiwi. Anayeuza Camry yake mwenyewe kwa jirani, kwa bei halisi, kisha akatoa pesa hiyo kupitia chama cha diaspora kilichosajiliwa kama shirika la hisani, anapata bei nzuri kuliko ya mnada na anaweza kupata hata punguzo. Vyama vya watu wa Masisi ambavyo bado vinakusanya michango ya matanga na harusi tu vingefanya vizuri kutafuta usajili huo. Ni karatasi nyingi, ndiyo, lakini vijana waliosoma huko wapo, na wengi wanatafuta kazi ya kuwafanyia wazee.

Tuseme gari limeuzwa dola 1,500. Kiasi hicho kinakaribia bei ya pikipiki mpya ya Kihindi mjini Goma. Magari mawili ya familia mbili yanaweza kutoa pikipiki, kitanda cha kuunganishwa kwake na akiba ya esanse. Magari matatu yanaweza kuongeza majembe, sururu na malipo madogo ya watu wanaotengeneza sehemu mbaya za barabara kwa mkono. Kongo ina utaratibu wa kamati za vijiji za kutunza barabara, zinazoitwa CLER, na kabla ya hizo kulikuwa na salongo, ambayo kila mzee anaikumbuka, wengine kwa hasira. Mtaro mmoja uliochimbwa vizuri kando ya barabara, maji yakapata njia ya kupita, unasaidia wagonjwa wengi kuliko ambulansi iliyokwama katikati ya matope. Hakuna anayepiga picha na mtaro. Labda ndiyo sababu hauchimbwi.

Pesa hizo zishikwe na nani? Kila eneo la afya nchini linapaswa kuwa na CODESA, kamati ya maendeleo ya eneo la afya inayochaguliwa na wakaaji wenyewe, pamoja na wahamasishaji wa kijamii wanaojua nani ana mimba nyumba gani. Mahali ambapo kamati hiyo inafanya kazi, iwe mlango wa msaada. Mahali ambapo imekufa, parokia au umoja wa wanawake unaweza kushika daftari. Muhimu ni kwamba jina moja lisitoshe kutoa pesa. Mmoja ashike simu yenye pesa, mwingine ashike nambari ya siri, wa tatu ashike daftari, na kila mwezi daftari lipigwe picha na kutumwa kwa wote waliochanga. Tangu benki za Goma zilipofunga milango mwishoni mwa Januari 2025, pesa nyingi zinapita kwenye simu au zinavuka kutoka Gisenyi. Wenye diaspora wanaolalamika kwamba hakuna risiti wanasahau kwamba simu inaacha ujumbe kwa kila franka inayotoka.

Itakuwa si haki kusema kwamba gari la zamani halina kazi popote katika Kivu Kaskazini. Ndani ya Goma lina kazi. Nyumba ya watoto yatima, shule, kituo kinachohitaji kupeleka sampuli maabara au kumrudisha mgonjwa aliyefanyiwa upasuaji mpaka Sake, hao wanaweza kutumia Corolla ya miaka 15 na kushukuru. Familia ya Goma inayotaka kutoa gari lake kwa namna hiyo haina haja ya meli wala ya duane. Ilipeleke kwanza kwa fundi, si baada ya kulitoa. Iandike uhamisho wa makaratasi siku ile ile, maana gari likigonga mtu huku jina la mwenye zamani bado liko kwenye kadi, polisi watakuja kwake. Na iweke ndani ya bahasha pesa ya mafuta ya miezi michache pamoja na asiransi. Gari bila bahasha hiyo ni deni lililopakwa rangi.

Kwa Bihambwe, jibu linabaki lile la mjomba. Kuna vita pale ambavyo hakuna familia ya diaspora inayoweza kuvimaliza. Rubaya, karibu kilomita 60 magharibi mwa Goma, inatoa sehemu inayokadiriwa kuwa 15 kwa mia ya koltani ya dunia, na tangu mwishoni mwa Aprili 2024 iko chini ya M23. Utajiri huo unashuka kwa barabara hiyo hiyo inayomshinda mgonjwa kupanda. Wenye bunduki wa pande zote wanapenda magari, na gari jipya kwenye kituo cha afya linaweza kuondoka nalo mtu yeyote aliye na haraka. Pikipiki tatu zilizotawanywa katika vijiji vitatu, zikiendeshwa na wamotari wanaojulikana na wazazi wao, ni vigumu zaidi kuzikusanya zote kwa usiku mmoja.

Mvua kubwa za Masisi zinaanza Septemba. Gari lililoegeshwa likiuzwa mwezi wa sita au wa saba, mitaro inaweza kuchimbwa wakati udongo bado ni mkavu, na esanse inaweza kununuliwa kabla barabara haijafungwa na bei haijapanda. Mpwa akipiga simu tena, mjomba atauliza tu kama pesa itumwe kwa nambari ya nani, na nani atashika daftari.